Niacheni ninunue PS2 yangu kwa gemu moja

Mhariri, mbukwenyi huko ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Nkuhungu, Dodoma, gazeti lenu nalisoma la kununua au la kuazima kwa kinyozi, na kwa kawaida huwa siandiki, ila safari hii mmenigusa. Kwenye ukurasa wa teknolojia kuna msomaji aliuliza kama anunue mashine ya gemu ya zamani kwa sababu kuna gemu moja anaitaka, na mjibu maswali wenu akamjibu mistari miwili tu, kwamba mtu mwenye akili zake hanunui mashine nzima kwa ajili ya gemu moja, aongeze hela achukue mpya yenye gemu nyingi. Basi, imeisha hiyo. Sasa mimi niko kwenye uamuzi huohuo hivi ninavyoandika, nataka PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony, nimeshaulizia bei, nimeshabishana na wauzaji na nyumbani pia, na naona jibu lile ni la mtu ambaye hajawahi kuitaka gemu ambayo haipo pengine popote.

Gemu ninayoisema ni Def Jam: Fight for NY. Vijana wa sasa wengi hawaijui, ila nyie mliokuwa mnatoroka prepo kwenda vibanda vya gemu mnanielewa. Ilitoka 2004, imetengenezwa na EA ya Canada pamoja na AKI, kampuni ya Japani iliyotengeneza zile gemu za mieleka za Nintendo 64 ambazo watu wanazisifia mpaka leo. Ni ya kupigana, ila wanaopigana ni wasanii wa hip hop wenyewe, kwa sura zao na sauti zao, yumo Snoop Dogg anaitwa Crow na ndo adui mkuu, yumo Busta Rhymes, Ludacris, Method Man, Redman, Fat Joe, Ice-T, na Sean Paul wa Jamaika ambaye sisi kule Manyoni ndo tulikuwa tunamgombania. Inaanza mchoraji wa polisi anachora sura ya mtuhumiwa kwa maelezo anayopewa, na huyo mtuhumiwa ndo wewe, kwa hiyo unachora sura yako mwenyewe hapohapo. Halafu unachagua mtindo, kuna mitano, kupigana kihuni, ngumi na mateke ya ulingoni, kareti, mieleka, na ule wa kumkunja mtu kiungo mpaka akubali yaishe, na mhusika wako anaweza kujifunza mpaka mitatu akaichanganya, na hapo ndo utamu ulipo maana watu wawili hawapigani sawa.

Na mtu hadondoki kwa kupigwapigwa tu, lazima umalizie na pigo zito la mtindo wako au umbamize kwenye kitu. Watazamaji wamezunguka, ukimsukumia kwao wanamshika, wengine wanakupa silaha mkononi. Kuna uwanja mmoja ni stesheni ya treni ya chini ya ardhi, ukimrushia mwenzako relini treni inapita imekula kwake. Pale kibandani Manyoni ilikuwa mechi unalipia, ukipigwa unaachia pedi, na kelele zake zilikuwa zinasikika mpaka barabarani. Kwa wale wanaoijua God of War ya 2018, ile sauti nzito ya Kratos ni ya jamaa anaitwa Christopher Judge, na huyohuyo ndo sauti ya D-Mob, bosi wako mle ndani ya Def Jam. Hili nililijua ukubwani, nikacheka sana.

Sasa shida. Gemu hii ilitoka kwenye PS2, kwenye Xbox ile ya kwanza na kwenye GameCube ya Nintendo, 2006 ikatoka ya PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi, inaitwa The Takeover, na baada ya hapo hakuna kitu. Haijarudiwa, haijasafishwa picha, haipo PS4, haipo PS5, haipo kwenye duka la programu za simu. Na ukifikiria utaona ugumu ulipo, mle ndani kuna watu wa kweli chungu nzima, kila mmoja na sura yake, sauti yake, nyimbo zake na lebo yake, sasa nani atakaa chini kuanza kusainisha mikataba upya na wote hao miaka ishirini baadaye. GTA San Andreas nayo ni ya 2004, lakini Desemba 2013 ikaletwa kwenye simu, kwa hiyo mtu akiniambia anataka kununua PS2 kwa ajili ya San Andreas nitamwambia aache, gemu ipo mfukoni mwake tayari. Red Dead Redemption ya 2010 kwa watu wa PlayStation ilikwama kwenye PS3 mpaka Agosti 2023 ndo ikahamishiwa PS4, mwaka uliofuata ikafika kwenye kompyuta. Aliyenunua PS3 mwanzoni mwa 2023 kwa ajili yake tu, pole yake.

Ndo maana nasema mjibu maswali wenu alitakiwa kumuuliza yule msomaji kwanza, gemu gani? Hakuuliza. Angeuliza angejua kama inapatikana kwingine, kama kuna uwezekano wa kuhamishwa, au kama imefungiwa kwenye mashine moja. Na hizi za kufungiwa si chache. 2023 taasisi moja ya Marekani inaitwa Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kihalali dukani, ukiitaka utafute mashine ya zamani na CD ya mtumba au basi. Xbox 360 duka lake la mtandaoni limefungwa Julai 29, 2024. Sony nao 2021 walitangaza kufunga la PS3, watu wakapiga kelele wakaliacha. Kwa hiyo hii habari ya kusema subiri itakuja, kwa gemu nyingine utasubiri mpaka ustaafu.

Halafu hili la kuongeza hela nichukue mpya yenye gemu nyingi, tupige hesabu kidogo. Gemu moja mpya kubwa ya PS5 inatoka kwa dola 70. Badilisha kwa shilingi, inakaribia kabisa bei ya PS2 niliyotajiwa hapa mjini, mashine nzima. Yaani hela ya gemu moja ya huko ndo mashine yangu ya huku. Na hapo bado hujanunua hiyo PS5 yenyewe, bado bando la kupakua gemu ya GB mia moja, na Tanzania yenyewe haimo kwenye orodha ya nchi ukifungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo watu wanajiandikisha kama wako nchi nyingine halafu wanahangaika kununua kadi za hela za nchi hiyo. Sisemi PS5 mbaya, mwenye nacho acheze. Ila usiniambie ndo njia ya bei rahisi ya kupata kitu ambacho hata hakimo humo ndani.

Nilivyoanza kuulizia hapa mjini, duka la kwanza maeneo ya One Way, muuzaji ananiambia, “Mkuu, PS2 ya nini saa hizi, chukua PS3, Def Jam imo.” Nikamuuliza Def Jam ipi. “Def Jam si Def Jam tu bosi wangu.” Hapana. Iliyopo PS3 ni Def Jam: Icon, ya 2007, imetengenezwa na EA ya Chicago, na ni gemu nyingine kabisa, mieleka yote wameitupa, kuta na majengo yanarukaruka kwa kufuata mdundo, mara unageuka didijei unasugua sahani huku unapigana. Wako wanaoipenda. Mimi sitaki. Ningekuwa sijui ningetoa hela nikaingizwa mjini, na wala asingekuwa amenidanganya, jina ni lilelile.

Akaja na la pili, kwamba PS3 inasoma CD za PS2. Hapa wengi wanapigwa. PS3 zote zinasoma CD za PS1, ni kweli. Za PS2 zinasoma zile nene za mwanzo tu za 2006 na 2007, tena baadhi, na hizo nene ndo zile zinazojulikana kwa ugonjwa wa taa ya njano, inawaka njano inazima na ndo mwisho. Nyembamba zilizojaa madukani hazisomi kabisa CD ya PS2. PS4 haisomi. PS5 inasoma za PS4. Ukiambiwa vingine mwambie muuzaji aweke CD muone wote.

Kuna mtoto wa kaka yangu anasoma chuo hapa, akija Jumapili nyumbani ananiambia, “Bamdogo unahangaika bure, weka PPSSPP kwenye simu.” Na akaniwekea. Kusema haki ni kitu kizuri, ni programu ya bure, ipo tangu 2012, inageuza simu inakuwa PSP, na ile The Takeover ni Def Jam ileile ya PS2 imeongezwa hiki na kile. Nimeicheza. Nikiwa peke yangu kwenye foleni ya benki inatosha kabisa, na kama unachotaka ni ile hadithi tu, ya kuanza mnyonge mpaka unamfikia Crow, basi chukua hiyo usipoteze hela yako, hilo nalisema wazi. Lakini PSP ilikuwa kifaa cha mtu mmoja, mkitaka kupigana wawili mlikuwa lazima muwe na mbili ziunganishwe kwa hewa, na kwenye simu mambo ni yaleyale, simu mbili, mipangilio, mara inakatika, na vidole vinateleza kwenye kioo maana hakuna kitufe unachokihisi. Mimi nataka mtu akae pembeni yangu kwenye kochi, tivii moja, pedi mbili.

Ya PS2 yenyewe kwenye simu nayo ipo, ilikuwepo AetherSX2, mtengenezaji wake akaiacha Januari 2023, watu wanaendelea kutumia na viraka vya wengine, ila inataka simu yenye nguvu, yangu dakika kumi tu inachemka. Kwenye kompyuta kuna PCSX2, safi sana, ila sheria yake inataka uwe na PS2 yako mwenyewe utoe mafaili ya ndani, kwa hiyo tunarudi palepale, na laptop niliyonayo ni ya kazini. Siwezi kukutwa ofisini kule Mtumba naweka Snoop Dogg kwenye mali ya serikali.

Kabla sijaamua nilifanya jambo moja ambalo namshauri na yule msomaji alifanye, nilienda kuicheza kwanza. Kuna jamaa Chang'ombe anayo, tukakaa jioni moja. Maana unaweza kuwa unaitamani ule ujana na gemu yenyewe ukaikuta ya ovyo. Picha imechakaa, hilo lazima niseme, ukiizoea simu ya sasa unaona nyuso zimekaa kama za udongo. Inachelewa kufunguka kati ya pambano na pambano. Hadithi yake ni fupi, mtu akikaza wikiendi moja anamaliza. Ila tulivyoshika pedi wawili ilikuwa moto uleule, na jirani akaja kugonga mlango akidhani watu wanagombana, alivyoona akaomba zamu. Basi nikajua. Kama ningetoka pale nimechoka ningeacha, ningekuwa nimepoteza nauli ya bajaji tu.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe, maana hapa ndo gazeti lingewasaidia watu kuliko kuwaambia wasinunue. PS2 imetoka Machi 2000 Japani, na Sony wameacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, wenyewe wanasema zimeuzwa milioni 160, hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kuizidi. 2018 waliacha hata kupokea za kutengeneza kule kwao Japani. Maana yake hata ile mpya kuliko zote duniani ina zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo ukiambiwa “mpya ndani ya boksi” jiulize hilo boksi limetoka wapi.

Kitu cha kwanza geuza chini usome namba. Inaanza na SCPH halafu tarakimu tano, na ile ya mwisho inakuambia ilitengenezwa iuzwe wapi. Ikiisha na 0 ni ya Japani, 1 ya Marekani, 3 Uingereza, 4 nchi nyingine za Ulaya. Hii si mapambo. Ya Japani ni ya umeme wa volti 100, ya Marekani 120, huku kwetu ni 230, ukiichomeka moja kwa moja ukutani unasikia pa! na harufu. Zile nyembamba za namba 70000 mpaka 79000 adapta yake iko nje kwa hiyo unaweza kutafuta adapta inayofaa, ila za 90000 umeme umeingizwa ndani ya mashine, na zile nene pia, hapo unahitaji transfoma ya kushusha umeme na hiyo ni gharama nyingine. Na CD nazo zimegawanywa hivyohivyo, mashine ya Ulaya haisomi CD orijino ya Marekani wala ya Japani kama haijafunguliwa, yaani haijachezewa na fundi isome CD za aina zote. Nyingi zilizoko mtaani zimefunguliwa tayari zinasoma CD za kuchoma au gemu ziko kwenye flashi, muuzaji anakuambia zimo hamsini, sitini, unakuta ishirini ni mpira wa misimu tofauti. Mimi nataka moja mzee, hizo nyingine mpe mwingine.

Cha pili ni tivii. PS2 inatoa picha kwa nyaya za rangi tatu, njano nyeupe nyekundu. Flati nyingi za siku hizi hazina hayo matundu, unanunua kigeuzi cha kwenda HDMI, lile tundu la flati, na vile vya bei ndogo picha inatoka imefifia na inachelewa kidogo baada ya kubonyeza. Kwenye gemu ya mpira unavumilia. Kwenye kupigana hiyo nukta moja ndo umeshashikwa shingo. Tivii ya chogo, zile za zamani zenye mgongo, haina hilo tatizo, bonyeza na hapohapo mkono unaenda, kwa hiyo yale machogo mnayowapa watu wa vyuma chakavu msiyatupe yote. Kuna moja liko stoo kwa mama mkwe Kizota, zima kabisa, na nimeshaanza kumsalimia mama mara kwa mara kuliko kawaida yangu, nadhani ameshashtuka.

La tatu ni vumbi, na hili ni letu sisi watu wa Dodoma. Kuanzia kama Juni hivi mpaka mvua za Desemba upepo unavuma na vumbi linaingia kila mahali, unafuta meza asubuhi mchana inaandikika kwa kidole. Ndani ya PS2 kuna lenzi inayosoma CD na kuna feni inayovuta hewa, na feni haichagui, inavuta na vumbi. Lenzi ikichafuka au ikichoka, mashine inawaka vizuri, menyu inatokea, hata gemu inaanza, halafu katikati ya pambano inaganda. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa menyu ukaambiwa “nzima hiyo”. Kaa nayo nusu saa, icheze, na CD uliyokuja nayo wewe, isikilize kama inakwaruza. Fundi mmoja wa Majengo ninayemwamini anasema nyingi anazoletewa hazijaharibika, zinataka kufunguliwa na kusafishwa tu, ila anasema wengine wakishasafisha wanakaza ile lenzi ikaze kusoma, inasoma vizuri siku unayonunua halafu inakufa mapema.

Pedi bonyeza vitufe vyote, vile viwili vya kuzungusha uviachie uone kama mhusika anatembea mwenyewe. Kadi ya kumbukumbu, orijino ni ya megabaiti 8 na inatosha, hizi zilizoandikwa 64 na 128 za bei chee nyingi zinapoteza ulichohifadhi, kwa hiyo hifadhi, zima, washa, angalia kama kipo. Na ukishaipeleka nyumbani usihifadhi mawingu yakiwa yameanza kunguruma, umeme ukikatika kadi inaandika mhusika wako kwaheri.

Kuna watu wananiambia agiza Kariakoo ni rahisi. Inawezekana bei ya mashine ikawa chini, ila winga akikutumia kwa basi unaipokea stendi Nzuguni imefungwa solotepu huwezi kuijaribu, na ukimpigia anakuambia ilitoka huku nzima kaka. Ukienda mwenyewe kwa SGR, nauli ya kawaida Dar mpaka Dodoma ilipoanza Julai 2024 ilikuwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000, ile nafuu yote imeishia kwenye behewa, na hujala. Labda kama una safari yako nyingine. Mimi nanunua hapahapa kwa mtu ninayejua kibanda chake kilipo.

Bei nilizotajiwa ni hizi, mashine nyembamba namba inaishia 4, na pedi moja, 180,000. Pedi ya pili 25,000. Kadi 15,000. CD 20,000. Kigeuzi cha HDMI 30,000, ambayo nikilipata lile chogo nitaiokoa. Jumla 270,000 au 240,000. Hiyo ndo bei ya gemu, si 180,000, na mtu akishindwa kuijumlisha mapema ndo anaishia na mashine iko mezani haina waya. Nyumbani nilivyoitaja hiyo jumla mama watoto akauliza kwa upole kabisa kama hiyo gemu inalipa ada. Nikamwambia hailipi. Akauliza na hilo chogo litakaa wapi. Mpaka sasa tumekubaliana kwamba hela inatoka kwenye kile ninachotumia mimi wikiendi, yaani miezi kadhaa ya kuangalia mpira nyumbani badala ya kule barazani kwa wenzangu, na kwamba chogo haliingii sebuleni. Litakaa chumba cha watoto. Kwa masharti haya naona nimeshinda, ye naye anaona ameshinda.

Kilichonifanya nikubali kutoa hiyo hela ni mdogo wangu. Kahamia Ihumwa kikazi mwaka huu, ye ndo tulikuwa tunapokezana naye pedi Manyoni, na siku hizi tukikutana ni kuulizana habari za wazee, bei ya saruji, basi kila mtu anachukua simu yake. Nilivyomwambia kuhusu Def Jam alinipigia usiku kuuliza kama nimeshainunua. Yule akiwepo gemu moja inatosha kwa mwaka mzima. Asingekuwepo ningebaki na ile PPSSPP niliyowekewa na mtoto wa kaka na ningekuwa sawa tu, na kwa mtu asiye na wa kucheza naye hata mimi ningemwambia asinunue, kwa hilo tu ndo nakutana na mjibu maswali wenu.

Kwa hiyo Mhariri, yule msomaji mrudieni. Muulizeni ni gemu gani, kama ipo kwingine, kama ameicheza hivi karibuni, atacheza na nani, na tivii yake ina matundu gani. Mkimaliza hapo mnaweza kumwambia nunua au acha. Na ukurasa wenyewe, kila wiki ni simu mpya za milioni mbili, tatu, wakati huku watu tunanunua vitu vya mkono wa pili na hakuna anayetuambia vinakaguliwaje, iwe deki, friji au mashine ya gemu. Wekeni fundi mmoja aandike, tutanunua gazeti.

Mshahara ukitoka naenda Majengo. Mashine imeshawekewa pembeni, ila CD fundi aliyonayo ni ya kuchoma na mimi naitaka orijino, ya Ulaya au Uingereza, iliyoandikwa PAL. Kama kuna msomaji wa Dodoma, Singida au hata Morogoro anayo kabatini na haitumii, atoe tangazo humuhumu kwenu, nitaliona. Isiwe Icon tafadhali.

Ni mimi msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma.